Mkono wa Chepkorir

Mara ya kwanza mkono ulimgusa mazoezini, asubuhi kweupe, wachezaji wenzake wote wakitazama. Nasike alipokea mpira upande wa kulia, akainama, akaudunda ili aingie kushoto kama alivyozoea. Papo hapo akahisi kiganja kikitua kiunoni, pale nyuma mgongo unapoishia. Hakikumpiga wala kumsukuma. Kilitulia tu, kama kiganja cha mtu anayejua unakoelekea kabla hujaondoka. Akasimama. Mpira ukamponyoka na kuviringika hadi chini ya viti. Alipogeuka amwone anayemlinda, nyuma yake hapakuwa na mtu.

"Nini tena?" kocha Wakoli akauliza.

"Nimeteleza."

Sakafu ilikuwa kavu, na Wakoli aliiona. Akampa mpira mwingine.

Nasike aliujua ule mkono. Aliujua kuliko alivyoijua mikono ya ndugu zake aliozaliwa nao. Kwa misimu mingi, kila timu yake ya kikapu, Radi ya Bungoma, ilipokutana na Tai ya Kitale, Chepkorir alikuwa akiuweka pale pale, kiganja cha kushoto, kuanzia filimbi ya kwanza mpaka ya mwisho. Na Chepkorir alikuwa amekufa.

Uhasama wa timu hizo mbili ulikuwa wa kale kuliko wachezaji wake. Kitale walisema Bungoma waliwaibia kocha wao wa kwanza. Bungoma walisema kocha alikuja mwenyewe kwa miguu yake, akiwakimbia. Aliyejua ukweli hakuwepo tena, na ukweli wenyewe haukuhitajika. Ligi ilipokuwa ya kulipwa na wachezaji wakaanza kuishi kwa mpira wa kikapu, uhasama nao ulikomaa. Kulikuwa na nyumba ambazo mume alivaa jezi ya buluu ya Radi na mke nyekundu ya Tai, na siku ya mchezo hawakusemeshana mpaka kesho yake. Mashabiki wa Bungoma waliwaita wenzao mahindi, kwa zao la mashamba ya kwao, wakaimba kwamba watawakoboa. Wale wa Kitale, wakiitania Bungoma kwa miwa yake, walikuwa na wimbo wa Nasike peke yake: "Nasike we, rudi kwenu, miwa inakungoja." Akigusa mpira tu, ukumbi mzima unauimba. Alikuwa ameuzoea. Siri yake ni kwamba aliupenda, kwa sababu mchezaji asiyetisha haimbiwi.

Chepkorir hakuimba wala kupiga kelele. Alitoka Endebess, msichana mrefu, mkimya, na kazi yake katika Tai ilikuwa moja tu, kumlinda Nasike. Nje ya uwanja hawakuwa na mazungumzo. Walisalimiana "sasa" na "poa" wakipeana mikono mwishoni, basi. Mara moja tu, katikati ya mchezo, wakingoja mpira wa kurushwa, Chepkorir alimwuliza kwa sauti ya chini, "Goti linauma?" Nasike alikuwa ameficha maumivu ya lile goti, hata Wakoli hakuyajua. Hakujibu. Lakini mchezo wote uliobaki Chepkorir hakumsukumia upande wa goti lile, na Radi walishinda.

Alikuwa na ujuzi mwingine uliowakera sana watu wa Bungoma, nao ni kuanguka. Alijua kusimama njiani kifua mbele, agongwe, aanguke chali, refa apulize filimbi na kuwapa Tai mpira. Alianguka vizuri mno. Bungoma waliapa kwamba nusu ya maanguko yale yalikuwa maigizo, na pengine yalikuwa.

Siku aliyokufa walikuwa Bungoma, mchezo wa mwisho wa msimu, na mshindi ndiye angekuwa bingwa. Muda ulikuwa ukiyoyoma na Tai waliongoza kwa pointi moja. Nasike akapata mpira. Mkono ukatua kiunoni. Akadanganya kulia kwa macho, akaingia kushoto, na Chepkorir tayari alikuwa amefika mbele yake. Kisha, kabla miili haijagusana sawasawa, Chepkorir akaanguka.

Filimbi haikulia. Nasike akamwona chini, akaona na kikapu kiko wazi. Akainua mguu, akamruka, na katika kumruka akamwambia, "Amka, leo refa hakuoni." Mpira ukaingia.

Ukumbi ulipasuka kwa vifijo. Absalom, fundi wa baiskeli wa pale sokoni aliyekuwa kiongozi wa mashabiki, akaupigia ngoma wimbo wa mahindi, na watu wakaugeuza maneno kwa kumtazama aliyelala sakafuni: "Lala, mahindi, lala." Waliuimba kwa raha. Cherop, mchezaji kijana wa Tai, ndiye aliyepiga magoti kwanza na kumshika Chepkorir shavu. Wimbo haukukatika ghafla. Waliokaa karibu na uwanja waliacha kwanza, kisha safu ya nyuma yao, na wale wa juu kabisa walikuwa bado wanaimba machela ilipoingizwa.

Hakufika hospitali. Madaktari walisema ni moyo, kasoro aliyozaliwa nayo ambayo haikuwahi kugunduliwa. Nasike hakuwa amemgonga. Kikapu kilihesabiwa, Radi wakawa mabingwa, na kombe likawekwa juu ya kabati ofisini bila kunyanyuliwa.

Viongozi wa Tai walituma ujumbe kwamba watu wa Bungoma wasiende mazishini, hasira ilikuwa nyingi. Siku ya maziko Nasike alishinda nyumbani akifua. Alifua nguo zake, akafua mapazia, akafua na blanketi ambazo hazikuwa chafu, mpaka kamba ikajaa na nyingine akazianika kwenye ua wa jirani.

Msimu mpya ulipoanza ndipo mkono ulipokuja. Baada ya ile siku ya kwanza haukukosa. Kila alipotaka kuingia kushoto ulikuwepo, na mguu wake ukagoma. Akaanza kucheza kulia tupu, na timu nyingine zikagundua upesi. Akaanza kuuhisi hata nje ya uwanja, akiwa amesimama dukani, akiwa amejiinamia kwenye karai la vyombo. Nakhumicha, aliyecheza naye tangu zamani, alimwuliza kama ni mgongo. Akasema ndiyo, ni mgongo.

Alikutana na Absalom sokoni, ameketi katikati ya magurudumu, akamwuliza mbona siku hizi haonekani ukumbini.

"Siwezi piga hiyo ngoma tena," Absalom akasema bila kuinua macho. "Nikishika fimbo naona tu vile amelala pale chini. Na mimi ndio niliwaanzishia wimbo. Waambie watafute mtu mwingine wa kupiga, bana."

Mwishowe Nasike alikwenda Lugulu kwa shangazi yake Nekesa, ambaye yeye, kama Wabukusu wenzake, alimwita Senge. Nekesa alikuwa amestaafu uuguzi katika hospitali ya misheni, mwanamke wa kanisa asiyependa maneno mengi. Alimpakulia chakula, akamtazama akikichezea.

"Unakula?"

"Nakula, Senge."

"Hapana. Unaweka tu kwa mdomo." Akasogeza sahani kando. "Watu wanasema alianguka, ukampita. Ulimpita kando ama juu?"

"Juu."

"Ulimruka."

"Sikujua kama anakufa."

"Sijauliza kama ulijua. Mimi nimefanya wodini, maiti nimeosha. Najua moyo ukikataa ni nini, na najua si wewe ulimuua. Lakini mtu alikuwa chini akitoka duniani, na wewe ukapita juu yake ukifuata yako. Hiyo haiachwi hivyo. Si hata watoto wakirukana tunawaambia warukane tena, kila mtu arudi upande alitoka?"

"Sasa nitarudi aje, Senge? Ameshazikwa."

"Hiyo sijui," Nekesa akasema. "Nenda kwao. Mama yake akuone."

Akaenda. Kijana wa pikipiki aliyempeleka kutoka Kitale mpaka Endebess alikuwa amevaa jezi nyekundu ya Tai chini ya koti. Alimtambua mara moja, jicho lake likasema hivyo, lakini hakutamka neno. Walipita mashamba ya mahindi marefu pande zote mbili, na mlima Elgon mbele yao umefunikwa na wingu. Alimshusha kwenye lango ambalo Nasike hakuwa amemtajia.

Uani kulikuwa na nguzo ya mkaratusi, na juu yake kikapu cha chuma chenye wavu uliochanika. Chini ya nguzo ardhi ilikuwa imekanyagwa hadi ikang'aa. Mwanamume aliyekuwa akirekebisha mlango wa zizi aliinuka, akamtazama, akaweka nyundo chini na kuingia zizini. Huyo alikuwa Kemboi, kaka yake Chepkorir. Mama yao, Linah, alikuwa ameketi kwenye kigoda akikoboa mahindi kwa mikono. Hakuacha.

"Habari ya nyumbani, mama," Nasike akasema. "Mimi ni—"

"Najua wewe ni nani." Linah akamkagua kutoka miguuni hadi kichwani. "Wewe ni mfupi. Nilifikiria wewe ni mrefu kama mlango."

Akamwonyesha kigoda kingine, akaingia jikoni, akarudi na chai.

"Hakuna mgeni amekaa hapa kwangu kama wewe," Linah akaanza. "Miaka yote hii. Kila jioni akitoka mazoezi ananiambia, 'Mama, simama hapo, wewe ni Nasike.' Mimi na rinda yangu na slipa. Nasimama hapo chini ya hiyo chuma na mpira. Ananiambia, 'Inama kidogo, yeye huinama. Angalia kulia, yeye hudanganya na macho.' Mpaka hata majirani wakipita wananisalimia, 'Nasike, umeshindaje?' Halafu anakuja nyuma yangu anaweka mkono." Akapeleka mkono nyuma ya kiuno chake mwenyewe. "Aliniambia, 'Nasike akitaka kwenda, kuna mshipa hapa hukaza kabla mguu haijatoka. Mimi nangoja tu huo mshipa.'"

Nasike aliweka kikombe chini.

"Mama," akasema, "huo mkono haujatoka."

Linah hakushtuka. "Uko wapi?"

"Hapa nyuma. Nikitaka kuingia kushoto. Siku zingine hata nikiwa nimekaa."

Yule mama akainuka, akajifuta vumbi la mahindi, akamwambia asimame. Akaenda nyuma yake. Nasike akasikia kiganja kikitua. "Hapa?"

"Chini kidogo."

Kikashuka, na kikakaa palepale. Ni kiganja kile kile, uzito ule ule, utulivu ule ule, ila hiki kilikuwa na joto. Kutoka zizini ng'ombe alilia mara moja akanyamaza. Wakasimama hivyo wanawake wawili mbele ya ile nguzo, hata Kemboi akatoka, akawaona, akarudi ndani tena.

"Hata mimi jioni bado nasimama hapo," Linah akasema nyuma ya sikio lake. "Na mpira. Nangoja aniambie nainama vibaya."

Ndipo Nasike akamweleza yote, jinsi alivyomruka na yale aliyoyasema akimruka, kisha maneno ya shangazi yake, kwamba waliorukana hurukana tena. Kiganja kikaondoka kiunoni mwake.

"Uruke nini? Kaburi?" Sauti ya Linah ilikuwa imebadilika. "Hapa hakuna mtu ataruka mtoto wangu tena."

"Sikumaanisha hivyo, mama."

"Najua hukumaanisha."

Linah alirudi kwenye kigoda chake, akachukua hindi, akalikoboa lote ndipo akasema tena. "Nikuambie kitu. Kama ni wewe ungeanguka, angekuruka. Nilimzaa, namjua. Angekuruka afunge, ndio ageuke kuangalia una nini." Akatupa gunzi. "Na usiniulize kama nimesamehe. Hiyo neno watu wa kanisa wameniuliza mpaka imekosa ladha kwa mdomo. Mnakuja lini Kitale?"

"Mwezi ujao."

"Basi njoo ucheze. Usije kusimama hapo kama mtu wa matanga."

Alimwonyesha kaburi kwa mbali, kando ya ukoka, udongo bado haujashuka. Alisimama kati ya kaburi na Nasike wakati wote. Kemboi ndiye aliyemsindikiza barabarani. Alitembea mbele bila kugeuka, akasimamisha pikipiki, akangoja mpaka Nasike akapanda, akaondoka.

Siku ya mchezo ukumbi wa Kitale ulijaa hadi watu wakakaa ngazini. Wakoli aliwatayarisha wachezaji wake kupokea matusi. Aliwaambia wategemee kuzomewa kuliko walivyowahi kuzomewa, na waweke masikio yao ndani ya mpira. Nasike alifunga viatu mara mbili.

Mpira ulipomfikia mara ya kwanza, ukumbi ulinyamaza.

Alidhani ni bahati. Mara ya pili ikawa vilevile. Wakicheza wengine, watu walipiga kelele kama kawaida. Nakhumicha alizomewa, refa alizomewa, Wakoli alizomewa. Mpira ukifika mikononi mwa Nasike, maelfu ya vinywa vinafumbwa, na kinachosikika ni mpira wenyewe ukidunda na viatu vikikwaruza sakafu. Hawakuwa wamepatana kufanya hivyo. Mtu mmoja tu hakujisikia kuimba ule wimbo, na jirani yake naye hivyohivyo, mpaka ukumbi mzima. Katika kimya kile mkono ulitua kiunoni mzito kuliko siku zote. Cherop, aliyepewa kazi ya kumlinda, alisimama mbele yake, mikono ameinyoosha. Nyuma hapakuwa na mtu. Nasike aliona watu wakimtazama kama wanavyotazama gari lililobeba jeneza likipita. Akatoa pasi. Akatoa pasi tena. Robo mbili zikaisha hajarusha hata mpira mmoja.

"Nikutoe?" Wakoli akamwuliza wakati wa mapumziko, kwa upole uliomuumiza zaidi.

"Ngoja kidogo, kocha."

Katika robo ya tatu alipokea mpira karibu na viti vya upande wa Tai, kimya kikashuka kama kawaida, na ndani ya kile kimya akasikia sauti moja ya mwanamke, nzee, isiyo na mahadhi mazuri.

"Nasike we, rudi kwenu."

Alikuwa Linah. Alisimama safu ya tatu, amevaa jezi nyekundu ya binti yake iliyomfika magotini, juu ya rinda. Kemboi alikuwa ameketi kando yake, kichwa ameinamia mikono. Watu wa karibu walimtazama mama yule wasijue wafanye nini.

"Nasike we, rudi kwenu," Linah akaimba tena, akimtazama Nasike machoni, bila kutabasamu hata kidogo. "Miwa inakungoja."

Mtu mmoja nyuma yake akadakia kwa sauti ya kukwama. Kisha wawili. Kisha Kemboi akainua kichwa, akaimba, uso wote umelowa. Wimbo ukapanda ngazi, ukashika ukumbi, na kabla mpira haujamtoka mikononi, Kitale nzima ilikuwa ikimwimbia Nasike kama zamani, kwa chuki yote, huku wengi wakilia waziwazi.

Nasike akainama. Akatazama kulia. Akausikia mshipa wa kiunoni ukikaza, na mkono ukiwa palepale juu yake, ukiungoja. Safari hii hakusubiri uondoke. Akaingia nao kushoto, akampita Cherop, akafunga.

Baada ya hapo alicheza. Alifunga kwa kulia, akafunga kwa kushoto, akaangushwa, akaamka. Cherop alijua mengi. Chepkorir alikuwa amemfundisha, na hilo Nasike aliliona kwa jinsi yule msichana alivyokuwa akitazama kiuno chake badala ya macho. Wakaenda hivyo hadi mwisho, timu mbili zikipishana kwa pointi moja moja. Mpira wa mwisho ulikuwa wake. Alienda kushoto, akaruka vizuri, akautupa vizuri, na mpira ukazunguka ukingoni mwa chuma ukatoka nje. Tai wakashinda.

Cherop alimpa mkono. Nasike akatafuta ile safu ya tatu. Linah alikuwa amekwisha kuketi. Alikuwa akijipepea kwa pindo la jezi, amechoka, kama mtu aliyemaliza kazi ya shamba. Macho yao yakakutana. Mama yule akaitikia kwa kichwa mara moja, kama mtu anayemwambia jirani apite tu, wataonana, akageuka kumsikiliza Kemboi.

Radi walirudi kwa basi bila kuimba. Nakhumicha alilala begani mwa Nasike. Wakoli, mbele, alisema kwamba kushindwa kwa pointi moja si aibu. Nasike aliegemea dirisha, akaiacha kaunti ya Trans-Nzoia ipite na mahindi yake, hadi miwa ikaanza kuonekana.

Alishuka Kanduyi, karibu na mji wa Bungoma. Mvua nyepesi ilikuwa imeanza, na vijana wa pikipiki walimwita, wakamwambia asilowe bure. Aliwashukuru akakataa. Mkono ulikuwa palepale kiunoni, umetulia. Akaweka begi begani, akashika njia ya nyumbani polepole, akikaa upande mmoja wa barabara, kama mtu anayemwachia mwenzake nafasi ya kutembea.